Jina la Mbwa wa Ng'ambo

Juzi mbwa wa jirani alipenya jikoni kwangu akalamba sufuria ya wali niliyokuwa nimeiweka chini ipoe. Mkwe wangu alitaka kuitupa. Nilimwambia sufuria haitupwi, huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kwa kuwa ua wetu umemwagwa saruji mpaka langoni, nilichota udongo kwenye kopo la waridi lake. Alinuna. Nilipoumwagia maji nikaanza kusugua, harufu ya udongo mbichi juu ya chuma chenye uvuguvugu ikanipanda puani, na hapo hapo nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya jiko la bibi yangu, Handeni, viganja vyekundu, nikiwa na hasira ya mtoto anayeadhibiwa kwa kosa la mbwa.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa mbwa. Sijafuga mwingine tangu wakati ule, na wanaozungumza na mbwa wao kama na wajukuu huwaangalia tu nikapita. Ila yule mmoja nilimpenda.

Nilizaliwa Hale, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kituo cha umeme, baba akiwa msaidizi wa mafundi. Nilikua nikidhani maji ya Pangani hupiga kelele kwa sababu ya mitambo, na kwamba mto usio na mitambo lazima uwe bubu. Mama alipojifungua mapacha, nyumba ikawa ndogo ghafla, baba akanichukua kwa basi hadi Korogwe, tukalala kwa ndugu, kesho yake tukaingia Handeni, kisha tukatembea upande wa Misima hadi kwa mama yake mzazi, Bibi Zaina. Nilikuwa sijaanza shule. Aliniacha na kifurushi cha nguo na ahadi kwamba ningerudi watoto wakianza kukaa.

Bibi alikuwa mgeni pale kama mimi, ingawa sikujua. Ndiyo kwanza watu walikuwa wametolewa makwao na kukusanywa kijiji kimoja cha ujamaa. Nyumba zilipangwa mstari kwa mstari, udongo wa kuta bado mbichi, na jioni wazee walikuwa wakibisha hodi mlango si wao kwa kuwa yote ilifanana. Mimi nilidhani kijiji kile kimekuwapo tangu zamani na kwamba wenyeji wake ni watu wasahaulifu. Kumbe walikuwa watu waliozoea kuishi mbali, kila mji na shamba lake, jirani akiwa ni yule ambaye ukipaza sauti sana atakusikia. Sasa walikuwa wanasikiana hata kikohozi.

Mihogo ilikuwa bado iko kwenye mashamba ya zamani, kwa hiyo Bibi alikuwa akirudi huko kuchimba, nami nikimfuata. Tulipita kwenye mahame. Nyumba zilikuwa zimevuliwa paa na milango, mafiga yamebaki matatu matatu uani. Siku moja, kutoka kwenye jiko moja la namna hiyo, alitoka mtoto wa mbwa, rangi ya mchanga, mbavu nje, ncha ya sikio la kushoto imekatwa. Alituangalia, akaanza kutufuata.

"Usimtazame," Bibi alisema. "Ukimtazama atadhani umemwita."

Nikamtazama.

Bibi alimrushia bonge la udongo, mbwa akakaa chini. Tulipoondoka akainuka. Akamrushia jingine, akalinusa. Tulifika kijijini yeye akiwa nyuma yetu hatua chache, na Bibi akapita mbele za watu shingo imenyooka, kana kwamba yule kiumbe anamfuata mtu mwingine. Jioni alijilaza nyuma ya jiko na usiku hakubweka.

Asubuhi Bibi alitoa hukumu yake, naye hukumu zake hazikuwa na rufaa. Mbwa hangevuka kizingiti, maana nyumba ile ilikuwa ya kusaliwa. Angekula kwenye kigae cha mtungi uliovunjika, nyuma, si kwenye chombo cha watu. Ningeweza kumshika akiwa mkavu nami nikiwa mkavu. Akiwa na maji, au mimi nikiwa na maji, basi ni najisi, na ni kuoshwa mara saba. "Na si mbwa wako wala wangu," alisema. "Mbwa ana mwenyewe. Utamlea mpaka mwenyewe apatikane."

Ile sheria ya ukavu ilinitawala. Asubuhi umande ulikuwa mwingi, na kijibwa kilikuwa kikilala majanini, kwa hiyo nilikuwa nakaa naye juani, mbali kidogo, nikisubiri akauke. Alikuwa hajui kwa nini simshiki. Alikuwa akinikaribia, mimi nasogea, anakaribia, nasogea, hadi jua likipanda na manyoya yake yakiwa yamefunguka ndipo ninamvuta mapajani. Siku aliyoiba mlenda uliobaki sufuriani ndiyo siku niliyoisugua kwa udongo nikilia. Yeye alikaa kando akinitazama, akijilamba midomo.

Haukupita muda balozi wa nyumba kumi akapita na tangazo. Balozi wetu alikuwa Mzee Mhina, mtu mrefu, mpole, aliyetangaza kila jambo kwa sauti ile ile, liwe msiba au mkutano. Alisema vijiji vya jirani vimeingiwa na kichaa cha mbwa, na kwamba bwana mifugo anakuja kuchoma sindano mbwa wote. Kila mbwa asimame na mwenyewe, mtu mzima, mkazi wa kijiji. Mbwa asiye na mwenyewe atapigwa risasi papo hapo, na watoto wasikae karibu.

"Bibi, sema ni wako," nilimwambia.

"Si wangu."

"Sema tu."

"Mwanangu, mimi sijafuga mbwa tangu nizaliwe. Nikisimama mbele ya watu na mbwa, watacheka mpaka waliokufa." Akaendelea kupepeta mahindi yake. Kisha, bila kuinua macho: "Mtafutie mwenyewe. Mbwa ana jina. Lipate jina, umempata mwenyewe."

Nilifurahi, maana majina ya mbwa nilikuwa nayajua. Hale mbwa wa wakubwa wa kituo walikuwa wakiitwa Simba, Bobi na Tomi. Nilimkalisha juani nikamwita yote matatu, mara nyingi. Alinisikiliza kwa adabu, wala sikio lake bovu halikutikisika. Bibi aliponisikia alikaribia kuangusha ungo.

"Huyo Bobi ndiye nani? Huku mbwa hawaitwi hivyo," akasema, akaanza kunitajia. Kulikuwa na Hayakuhusu. Kulikuwa na Mtasema Mchoke. Kulikuwa na Tutaona, na Mwenye Wivu, na Kula Kwako, na mmoja mzee aliyeitwa Nilikwambia. Nilimuuliza kwa nini mbwa apewe jina refu hivyo, akasema kwa mkato, "Jina la mbwa hapewi mbwa." Nilichukua hilo nalo kuwa sheria ya dini, kama ile ya ukavu.

Wenzangu wa rika langu waliokulia huko hawahitaji kuelezwa, lakini waliokulia mjini wavumilie kidogo. Watu wetu hawakuwa wakigombana kwa maneno ya moja kwa moja. Ukiudhiwa na jirani, humwendei mlangoni kumtolea ukali. Unasubiri mbwa wako azae, unamchukua mmoja, unampa jina la lile jambo lililokukaa rohoni, kisha kila jioni unasimama uani kwako unamwita mbwa wako aje kula. Unamwita kwa sauti. Jirani anasikia, anajua, na hana la kufanya, maana nani atakwenda kushitaki kwamba fulani anamwita mbwa wake? Akizidiwa, naye anatafuta mbwa. Ulikuwa utaratibu mzuri kwa watu waliokaa mbalimbali. Haukutengenezwa kwa ajili ya nyumba zilizopangwa mstari.

Mimi hilo sikulijua. Nilishika njia ya katikati ya kijiji, kijibwa nyuma, nikasimama mbele ya kila mlango nikapaza sauti majina yote niliyopewa, nikimwangalia kama atashtuka. Mbele ya mlango mmoja nikaita Hayakuhusu, na kumbe mle ndani mke na mume walikuwa wanazozana. Mbele ya mlango wa Mama Tatu, mama mnene aliyekuwa jirani yetu wa tatu, nikaita Mwenye Wivu, Mwenye Wivu, wakati yeye amesimama kwenye ugo akichungulia chungu cha mwenzake. Alitoka na mwiko mkononi.

"Nani kakutuma?"

"Bibi."

Lilikuwa jibu la kweli, na sijapata kutoa jibu la kweli lililoleta hasara kubwa kama lile. Niliendelea na safari yangu mpaka mwisho wa kijiji, nikarudi upande wa pili, nikiita. Magharibi ilipoingia, nyumba kadhaa zilikuwa haziombani tena moto wala chumvi, na kila moja iliamini Bi Zaina ndiye aliyeanza.

Kesho yake baada ya alasiri tuliitwa kwa balozi. Watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na magogo, wanawake upande mmoja, na Mama Tatu akiwa mbele kabisa na mwiko wake, labda kama kielelezo. Kijibwa kilinifuata kikajilaza chini ya benchi la Mzee Mhina. Mama Tatu alisema hajapata kuona mtu mzima kumtumia mtoto mdogo namna ile. "Kama ana neno aje aniambie," alisema. "Mimi sina mbwa, atanionea bure."

"Mimi pia sina mbwa," Bibi akajibu.

"Huyo chini ya benchi ni kuku?"

Watu wakacheka, Mzee Mhina akanyoosha mkono wakanyamaza. Aliniita, akaniuliza nilikuwa natafuta nini. Nilimweleza. Nilimweleza habari ya bwana mifugo, na ya risasi, na ya jina, na kwamba Simba na Bobi yameshindikana. Nilikuwa nimeanza kulia, nikamwambia mbwa huyu hana kichaa, ana njaa tu. Kisha mtu mmoja nyuma akaanza kucheka polepole, mwenzake akamdaka, na punde mkutano wote ulikuwa unacheka, Mama Tatu akijifuta macho kwa ncha ya kanga na kuniambia njoo hapa mwanangu, njoo.

"Haya," Mzee Mhina akasema, "tumsaidie mtoto. Kila mtu ataje mbwa aliyemwacha huko tulikotoka."

Wakaanza kutaja. Mwanzoni kwa aibu, kisha kwa kushindana. Yalitoka majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mtu alitaja lake, na mwingine ng'ambo ya uwanja akaitikia, "Kumbe lilikuwa langu lile!" na watu wakapiga makofi. Magomvi ya miaka mingi yalifunguliwa pale mchana kweupe na hakuna aliyeumia. Kijibwa kilikuwa kimelala fofofo.

Majina yalipokwisha, Mzee Mhina alikaa akiangalia ardhi kati ya miguu yake. "Liko moja hatujalitaja," alisema. Hakumwangalia mtu. "La yule bwana wa ng'ambo ya mto, aliyekataa kuhama. Yeye mbwa wake wote huwaita Sina Ndugu."

Kijibwa kikainuka. Kilitoka chini ya benchi, kikajinyoosha, kikaenda mbele ya Mzee Mhina kikitikisa mkia mpaka kiuno kizima kikawa kinayumba.

Mimi niliruka kwa furaha, na nikashangaa kuona niko peke yangu. Watu wote walikuwa wamegeuka kumtazama Bibi. Yeye alifunga vizuri kanga yake kifuani, akasema jua linakwenda, akanishika mkono tukaondoka. Nyuma yetu nilimsikia Mzee Mhina akiwaambia, kwa sauti yake ile ya matangazo, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nendeni nyumbani."

Baba ndiye aliyenieleza nilipokuwa mkubwa. Yule bwana wa ng'ambo alikuwa Babu Salehe, kaka yake Bibi, tumbo moja. Mji wake na wa Bibi ilitenganishwa na mto tu. Mke wake alipozidiwa na ugonjwa alituma watu kumwita Bibi aje kumuuguza, lakini mvua ilikuwa imejaza mto, na Bibi alikaa ukingoni akisubiri maji yapungue. Alipovuka, mke alikuwa ameshazikwa. Wengine waliuvuka mto siku ile ile, wanaume lakini, na Babu Salehe hakutaka kusikia tofauti. Baada ya matanga akamwita mbwa wake kwa jina lile kwa mara ya kwanza, jioni, akiwa amesimama ukingoni. Mbwa yule alipokufa akampa jina lile mwingine, na baada yake mwingine. Baba alisema alipokuwa kijana walikuwa wakila chakula cha jioni jina lile likivuka mto, na Bibi akisikia huinuka kwenda kutwanga, hata kama hakuna cha kutwanga.

Mpaka leo sijui kama Bibi alimtambua yule mbwa tangu siku ya kwanza. Lile sikio lilikuwa limekatwa kwa namna ya watu wa mji wa baba yao, hilo nilikuja kuambiwa. Ninachojua ni kwamba alinipa majina ya mbwa wote wa nchi ile isipokuwa moja.

Asubuhi hakusubiri umande ukauke. Alifunga unga, chumvi na kitambaa cheupe kwenye kanga, akasema twende. Kijibwa kilitangulia. Nyuma yetu, bila kuombwa, alikuja Mzee Mhina na vijana wake wawili, kila mmoja na panga, wakisema wanakwenda kukata kamba za kujengea. Hakuna aliyewauliza kwa nini wanapita kamba nyingi nzuri njiani bila kuzikata.

Mto ulikuwa wa magotini. Ng'ambo kulikuwa na mji mmoja tu wenye paa kati ya mahame matupu, na jikoni hakukuwa na moshi. Bibi alisimama uani.

"Hodi."

Kijibwa kilikuwa kimeshaingia ndani.

"Hodi nyumba hii."

"Kama ni watu wa serikali, mimi sihami," sauti ikatoka, nyembamba.

"Si serikali. Ni mimi, Zaina."

Bibi akavua ndala, akaingia, nami nikaingia nyuma yake. Babu Salehe alikuwa mzee mkavu, amekaa juu ya kitanda cha kamba, mguu mmoja umefungwa tambara, nao umevimba mpaka ngozi inang'aa. Shoka lilikuwa limempiga wakati akikata kuni. Pembeni yake kulikuwa na mihogo mibichi iliyotafunwa na mtungi mtupu. Kijibwa kilikuwa kinamlamba vidole, na mimi nilifikiria mara saba na udongo, nikamwonea huruma kwa kazi itakayomkabili.

"Shikamoo, kaka," Bibi akasema.

Mzee alimwangalia mbwa. Bibi alisubiri. Nilikuwa sijapata kuona mtu mzima akinyimwa marahaba, na nilifikiri labda ameziba masikio kwa homa, nikataka kuirudia salamu ya Bibi kwa sauti zaidi. Bibi alinikanyaga mguu.

"Kwa nini hukutuma mtu?" akamuuliza.

"Nimtume nani? Nilikuwa na mbwa tu. Naye nikashindwa kumlisha, akaondoka."

"Huyo mbwa alifika," Bibi akasema, akapiga magoti akaanza kuufungua ule mguu.

Wale wakata kamba waliokuwa nje walijikuta wanahitajika. Babu Salehe alisema hahami. Mzee Mhina akamwambia hakuna anayemhamisha, anapelekwa kutibiwa, na mguu ukipona ataurudisha mwenyewe. Walimbeba na kitanda chake. Bibi alitembea ubavuni, kijibwa chini ya kitanda kwenye kivuli, mimi nyuma na shoka. Tulipokuwa katikati ya mto, wabebaji wakitafuta pa kukanyaga, Babu Salehe akafungua macho.

"Marahaba," alisema.

Kijana wa mbele akageuka kuuliza nani amemwamkia mzee. Baba yake akamwambia aangalie mawe.

Mhudumu wa zahanati alimsafisha jeraha, akamchoma sindano, akasema wangechelewa kidogo tu mguu ungekwenda, na yeye nyuma yake. Bibi alimweka kwenye banda la jiko. Kila siku asubuhi Babu Salehe alitangaza kwamba mguu ukipona anarudi kwake, na kila siku Bibi alimpelekea uji akasema njia ipo. Zaidi ya hapo hawakusemeshana ila kupitia kwangu, ingawa walikuwa wameketi kiasi cha kuweza kupeana mkono.

"Mwambie bibi yako chumvi imezidi."

"Mwambie babu yako aliyekula peke yake siku nyingi ulimi humharibika."

Niliwafikishia. Nilikuwa mjumbe mwaminifu, sikupunguza neno. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Babu hakumwita mbwa wake hata mara moja. Alikuwa akimpigia mluzi, au kugonga kitanda kwa vidole. Nilidhani homa imemkausha koo, na kwamba jina refu linamchosha.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki, na askari mwenye bunduki nyuma yake. Walipita mstari kwa mstari. Kila mwenye mbwa alisimama mlangoni kwake, akataja jina lake na la mbwa, sindano ikachomwa, mbwa akalia, kitambaa chekundu kikafungwa shingoni. Watu walitaja majina wakibana vicheko, na bwana mifugo, mgeni wa kutoka mbali, akawa anashangaa. Kutoka mwisho wa kijiji tulisikia mlio wa bunduki mara moja. Nilimkumbatia kijibwa nyuma ya jiko. Alikuwa na umande, nami sikujali.

Walipofika kwetu, Bibi alisimama mlangoni mikono mitupu. Mzee Mhina alikuwa nao.

"Huyu wa nani?" bwana mifugo akauliza.

Bibi aliangalia chini. Mzee Mhina alimwangalia Bibi. Askari alibadilisha bega la bunduki, akaniambia nisogee. Sikusogea. Aliniambia tena, akanishika mkono wa juu, na nakumbuka nilikuwa siwezi kupiga kelele, sauti ilikuwa imekwama.

Mlango wa banda ukalia. Babu Salehe alitoka akijikokota, akiegemea mchi wa Bibi.

"Wangu," alisema.

"Wewe unakaa wapi, mzee? Tunachoma wa wakazi tu."

Babu aliangalia upande wa mtoni, ambako kutoka pale hakuonekani kitu, ila migongo ya nyumba.

"Hapa," alisema.

Bibi akainua uso.

"Mbwa anaitwaje?"

"Hana jina."

"Mbwa wa kufugwa hana jina?"

"Hana."

Askari alikuwa ameniachia, sauti yangu ikarudi yote kwa pamoja. Nilimwonea uchungu mzee wa watu, kwamba ugonjwa umemsahaulisha jambo kubwa namna ile mbele ya serikali, na nikaogopa kwamba mbwa asiye na jina naye hupigwa risasi. "Analo!" nikapaza sauti, mpaka Mama Tatu akachungulia. "Babu, umesahau! Anaitwa Sina Ndugu!"

Kijibwa kikatikisa mkia. Hakuna mwingine aliyetikisika. Bwana mifugo aliangalia kwangu, akaangalia kwa mzee, sindano mkononi.

"Mtoto huyu anatoka Hale," Babu Salehe akamwambia. "Huku kwetu hajui mambo. Mchome."

Bibi akageukia ukuta, akaweka paji la uso kwenye udongo, mabega yakimtikisika bila sauti. Nilidhani ananicheka, nikanuna mpaka jioni.